Mwaka wa Namba C

Siku ya tatu ya msiba wa Zuhura nilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yake, Bagamoyo mjini, nimeketi mkekani chini ya dirisha nachambua mchele pamoja na wanawake wenzangu, niliposikia wanaume wa barazani wakimcheka marehemu. Wao wangeapa kwamba hawakumcheka. Walikuwa wakikumbushana habari zake, kama ilivyo kawaida machozi yakishakauka na kahawa ikishazunguka. Mmoja alisema, "Zuhura, Mungu amrehemu, sufuria alilijua. Lakini gari! Mnalikumbuka lile gari alilolipakia masufuria mpaka likakata roho?" Wakacheka. Kisha nikaisikia sauti ya Bakari mwenyewe, kaka mtu, mwenye msiba, taratibu na kwa upole wa mtu aliyekwisha kusamehe: "Lilikuwa gari zima lile. Namba C, nililichagua mimi kwa macho yangu. Wanawake wakaliua hata mwaka haujaisha." Mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akadhani nimekutana na jiwe.

Nina hasira, na sitaki kuzifunika kwa maneno ya adabu. Nimekwisha kuwa mtu mzima. Vijana wa mjini hunipa shikamoo kabla sijawafikia, na watu wa umri wangu hutarajiwa kuwa hasira zimewatoka pamoja na meno. Zangu hazijatoka. Zote ni za mwaka mmoja, ule mwaka namba C zilipoanza kuonekana barabarani. Kwetu huku mtu akitaka kujua gari la mwenzake lina hadhi gani haulizi limetengenezwa lini wala limepita njia gani. Anauliza, "Namba gani?" Ile herufi ya kwanza katika zile tatu za mwisho kwenye kibao ndiyo jibu. A ni mzee, B ana maisha yake, na mwaka ule C alikuwa bwana harusi. Leo tumefika E na swali ni lilelile. Herufi hiyo inakwambia gari liliandikishwa lini kwa namba hizo hapa nchini, basi, haikwambii kingine chochote. Nimewaeleza watu hivyo harusini, misibani, na kwenye foleni ya mafuta. Wote hunikubalia, tena kwa kutikisa kichwa, halafu huuliza, "Lakini ni namba gani?"

Habari za ukoo wangu na za nani alinizaa nitaziacha, hazina kazi hapa. Nianzie chumba cha Zuhura. Alikuwa amerudi kutoka Tanga baada ya kuachwa na mumewe, na badala ya kwenda kukaa kwa Bakari kama kila mtu alivyotarajia, alipanga chumba kimoja nyuma ya soko la samaki. Kilikuwa na kitanda cha mbao, kabati lisilofunga, kuta za rangi ya samli, na mlango wenye kitasa chake. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga. Siku ya kwanza aliponikaribisha aliufunga mlango ule, akaufungua, akaufunga tena, akaniambia, "Unasikia, shoga? Mlio huu ni wangu." Kwa kaka yake kilikuwapo chumba cha uani kikimsubiri, kile kilicho karibu na bafu, ambamo anayelala huamshwa na kila anayekwenda kuoga, na akitaka kutoka huulizwa anakwenda wapi, kwa nani, na atarudi saa ngapi. Zuhura alikuwa mwanamke mzima, ameolewa na kuachika, na alitaka jambo moja tu maishani mwake, asiingie chumba kile. Wali wote tuliopika mwaka ule, na chapati zote tulizosukuma, zilikuwa kwa ajili ya hilo.

Tulikuwa tunapika chakula cha mafundi. Tulianza na wajenzi wa nyumba za Zinga, kisha tukapata kambi ya watengeneza barabara upande wa Kiwangwa. Alfajiri chumba kizima kilikuwa moshi na harufu ya nazi. Mimi nilikuna, yeye alikaanga samaki aina ya changu, redio ikisoma matangazo ya vifo ambayo Zuhura aliyajibu moja moja, "Mungu amlaze pema, na huyu naye." Tulipika wali wa nazi, maharage, mchuzi wa samaki, na siku za Ijumaa pilau, na kachumbari tuliikatia palepale kambini ili isilegee. Kupika hakukuwa shida. Shida ilikuwa kufika. Kwenda Zinga tulipanda bajaji, sufuria tumelibana kwa magoti, na Kiwangwa tulikodi pikapu ya mtu iliyokuja inapotaka. Mchuzi ulifika nusu, nusu nyingine ukabaki kwenye sakafu ya pikapu pamoja na mafuta machafu. Mwisho msimamizi wa kambi akatuita, akala sahani yake yote kwanza, ndipo akasema: "Akina mama, chakula chenu sina neno nacho. Lakini watu wangu wanakula adhuhuri, si alasiri. Mkiwa na usafiri wenu, kazi hii ni yenu mpaka barabara iishe." Tulirudi siku hiyo tukiongea gari tu. Hatukutaka lori wala pikapu. Tulitaka gari dogo la juu, lile la milango mitano lenye tairi la akiba mgongoni, litakalovuka matope ya Kiwangwa asubuhi, likaegeshwa sokoni mchana, tena lisilo na kiu ya mafuta.

Gari tulilipata Zinga, na aliyelipata ni Zuhura. Lilikuwa la Mwalimu Tatu, mwanamke aliyestaafu ualimu na kuanza kuogopa kuendesha kwa sababu ya macho. Lilikuwa la kijani, limepauka kwenye paa, limeegeshwa chini ya banda la makuti ambalo mwalimu alilijenga kabla hajajijengea jiko. Tulikwenda na sufuria letu kubwa, lile la pilau.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuangalia gari, au mmekuja kunipikia?"

"Tumekuja kuangalia gari," Zuhura akajibu, "na hili sufuria nalo limekuja kuliangalia."

Alifungua mlango wa nyuma, akaliingiza, likaingia na mfuniko wake bila kulazwa. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natabasamu katikati ya hasira zangu. Akachota maji kwenye tangi la mwalimu, akalijaza sufuria nusu, akaliacha wazi nyuma ya gari, akashika usukani. Leseni alikuwa nayo tangu Tanga. Akatuchukua sote wawili, mimi na mwalimu, kwa njia ya vumbi mpaka barabara kubwa na kurudi, kwenye mashimo na kwenye mizizi, na tuliporudi akashuka kwenda kutazama zulia la nyuma. Maji yalikuwa yamecheza lakini hayakumwagika ila tone moja moja ukingoni. "Mchuzi wangu utafika," akasema. Mwalimu Tatu akatuandalia mihogo ya nazi na chai ya mdalasini, tukala barazani kwake, gari likiwa mbele yetu na boneti wazi. Alituonyesha kilichowahi kubadilishwa na kisichowahi kuguswa, akataja hata siku alipogonga mbuzi. Akasema, "Ila ni namba A, wanangu. Msije mkasema sikuwaambia." Zuhura akamjibu, "Namba haipikwi, mwalimu." Wakapeana mikono. Mwalimu akasema atalishikilia mpaka Ijumaa.

Akiba yetu ilikuwa kwenye kasha la chuma dukani kwa Bakari, kwa sababu chumba chenye kabati lisilofunga si mahali pa kuweka akiba. Bakari alikuwa na duka la vitambaa, na alikuwa kaka mkubwa. Ndiye aliyesimama badala ya baba yao Zuhura alipoolewa, na ndiye aliyekwenda Tanga kumchukua alipoachwa. Haya yote aliyataja mara kwa mara. Tulipokwenda kuchukua chetu hakukataa. Alituambia tuje Alhamisi mchana nyumbani kwake, tupike kitu kizuri, atawaalika marafiki zake wawili watatu wanaojua magari. Tukapika. Wanaume walikula sebuleni, sisi tukakaa upande wa pili wa pazia na sinia letu, na mazungumzo yote tuliyasikia, kwa kuwa mtu anayejua magari huwa hasemi kwa sauti ndogo.

"Namba A?" mmoja alisema, nikasikia ameacha kutafuna. "Bakari, dada yako atembee na namba A mjini hapa? Watu watasema duka limekufa."

"Mwanamke akienda kununua gari mwenyewe," akasema mwingine, "anauziwa bodi. Ndani hamna kitu."

"Dar ziko namba C zimejaa," akasema wa kwanza. "Yupo dalali wangu. Namba C, jeupe, linang'aa kama sahani hii."

Zuhura akasogeza pazia kidogo. "Kaka, lile la Zinga nimeliendesha mwenyewe. Nimelipakia maji, halikuyamwaga."

"Maji?" Bakari akauliza.

"Nusu sufuria."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. "Gari si pipa, Zuhura," Bakari akasema, bado anacheka, na kwa kweli alimsemesha kwa mapenzi, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Hapo nikasema mimi. Nikamwambia, "Kaka Bakari, hili ni gari la kazi, si la harusi. Sisi ndio tutakaolipakia, na sisi ndio tuliolijaribu." Kisha akanijibu, "Bi Mwantumu, hebu tuangalizie wali huko jikoni usije ukaungua." Wali walikuwa wanaula. Ulikuwa mbele yao kwenye sinia, tumeupika sisi, na mimi nikaambiwa nikauangalie usiungue. Kwa miaka mingi nimetafuta jibu ambalo ningempa mchana ule. Nimelipata moja zuri sana, lakini haliandikiki.

Njiani nilimwambia Zuhura tuchukue chetu tukamlipe mwalimu, na kaka yake anune akichoka aache. Aliufungua ufunguo kwenye pindo la kanga na kuufunga tena. "Kaka ameshasema," akanijibu. "Nikimkatalia hili, kesho nikikwama nani atanifungulia mlango?" Ijumaa ikapita, na Mwalimu Tatu akabaki na gari lake.

Yadi ile ya Dar nakumbuka ilivyonukia. Magari yote yalikuwa yamepuliziwa marashi ndani, tairi zimepakwa dawa nyeusi, viti vimevikwa nailoni. Gari la namba C lilikuwa jeupe kweli, aina ileile ya Mwalimu Tatu, tairi mgongoni. Bakari alilizunguka mara moja, akasimama mbele ya kibao cha namba kama mtu anayesoma aya, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zuhura alikuwa amekuja na sufuria. Bakari alimwomba aliache getini kwa mlinzi, akaliacha. Lakini macho hakuyaacha getini. Akafungua mlango wa dereva, akaukagua usukani.

"Mbona umechubuka hivi, na gari ni jipya?"

"Sista, hii imeshuka bandarini juzi," dalali akasema, kijiti cha meno mdomoni. "Mjapani aliyekuwa nayo alikuwa na mikono migumu."

"Na hapa mlangoni? Mbona kuna kivuli?"

Nami nilikiona. Kwenye rangi nyeupe ya mlango palikuwa na sehemu pana iliyong'aa zaidi kuliko kwingine, kama ukuta ulioondolewa picha. Dalali akapitisha kiganja. "Vumbi la Dar hilo, sista. Ukiosha linatoka."

Zuhura akageuka kwa kaka yake. "Nataka kuliendesha na maji, kama lile la Zinga. Nitaweka na gazeti chini."

"Zuhura," Bakari akasema kwa sauti ya chini, "tusitiane aibu mbele za watu." Akamgeukia dalali, akampa mkono.

Tulirudi Bagamoyo nalo jioni. Bakari alikuwa kwenye usukani, sisi nyuma na sufuria letu. Nyumbani kwake palichomwa udi, likaombewa dua, na watu wa mtaa wakala halua na kunywa kahawa wakilizunguka. Kila aliyefika alisimama mbele yake na kusoma, "Namba C! Mashaallah." Hakuna hata mmoja aliyeuliza mlango wa nyuma unafungukaje. Na ufunguo, kwa kuwa ni vizuri gari lilale penye baraza na watu, ukatundikwa kwenye msumari wa sebule ya Bakari. Kila asubuhi Zuhura alikwenda kuuomba. Jumamosi na Jumapili lilikuwa na harusi za watu, na Ijumaa jioni lilikwenda msikitini, mahali ambapo Bakari alikuwa akienda kwa miguu tangu utoto wake, na panachukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu.

Kwa wiki chache lilituvumilia. Msimamizi wa kambi alifurahi na mafundi walikula adhuhuri. Zuhura akanunua kabati jipya, lenye kufunga. Kisha ikaja masika. Siku moja mvua ilitukuta tukipakua kambini, ikanyesha ikaisha, na jua likatoka upande wakati mlango bado umelowa. Zuhura alikuwa amebeba bakuli la maharage. Akasimama. "Mwantumu, njoo usome." Mlangoni, pale palipokuwa na kivuli, herufi zilikuwa zimejitokeza, kubwa, zimepangwa vizuri. MRADI WA, ilisomeka, na yaliyofuata yalikuwa yamekwanguliwa. Dereva mmoja wa kambi alikuja na sahani yake mkononi, akatazama, akasikitika kwa mdomo. "Haya sisi tunayajua, dada zangu. Haya yanazunguka nchi nzima na watu wa miradi, milima na mabonde, kila siku dereva mwingine. Yakishachoka yanauzwa. Yakiuzwa yanavuliwa zile namba za mradi na kupewa namba za mtu binafsi, basi yanapewa zinazotoka siku hiyo. Kwa hiyo linakuwa kongwe lenye namba mpya." Zuhura aliliweka bakuli juu ya boneti, akakaa juu ya sufuria tupu, akacheka. Sijapata kusikia kicheko kibaya kama kile.

Tulimwambia Bakari jioni ileile. Tulimleta mpaka mlangoni, tukaumwagia maji asome. Akaangalia, nina hakika herufi aliziona, kwa sababu alisogea upande ili jua lisimpige. Akasema, "Hilo ni vumbi la Dar." Maneno yaleyale ya dalali. Akaongeza, "Na msiwe mnalipakia sana." Maneno hayo, kwamba tusilipakie sana, yalitoka barazani yakaenda mitaani kabla hata gari halijaharibika, na lilipoharibika yalikuwa yanatungoja. Kwanza ilikuwa difu, zile gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma. Kisha fundi akalala chini yake na kutoka na uso umebadilika. Chesisi, uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imewahi kukatika, imechomelewa na kupakwa rangi juu, na sasa ilikuwa inaachia. Mwisho ulitukuta katikati ya Kiwangwa, kwenye kilima, tukiwa na chakula cha kambi nzima. Tulikaa kando ya njia mpaka wali wa nazi ukachacha. Tuliumwaga kwenye shamba la mananasi, sufuria moja baada ya jingine, na Zuhura aliosha kila moja kwa mchanga na majani palepale, kwa utaratibu, kama vile kesho lingehitajika. Jioni msimamizi alitutumia ujumbe kwa upole kwamba amepata watu wengine.

Gari likavutwa mpaka kwa Bakari, likawekwa juu ya mawe kando ya baraza, likakaa miaka. Kuku walitagia ndani yake. Kibao cha namba kilibaki safi, maana Bakari hakuacha kukifuta. Kila aliyepita aliuliza limepatwa na nini, na barazani palikuwa na jibu tayari: masufuria. Wakambandika Zuhura jina, Kiuagari, na yeye akaliitikia, akacheka nao. Mimi sikucheka. Niliapa mbele ya watu wazima wenzangu kwamba gari lile lilikuwa maiti iliyovishwa suti, nikaambiwa nina maneno makali.

Chumba cha nyuma ya soko la samaki Zuhura alikirudisha mwisho wa mwaka. Nilimsaidia kubeba. Kabati jipya halikupita kwenye mlango wa chumba cha uani, ikabidi liuzwe, na mlango wenyewe haukuwa mlango, lilikuwa pazia la maua lililotundikwa kwa waya. Bakari alitupokea vizuri. Alisema nyumba ni ya Zuhura, hapa ni kwao, asijione mgeni. Zuhura akaweka sufuria la pilau chini ya kitanda, akaliangalia pazia, akalivuta huku na huku. Halikuwa na mlio wowote.

Kabla hajahama alifanya jambo moja ambalo wengi hawakulijua. Mtu aliyekuwa akituuzia mananasi Kiwangwa, Mzee Kondo, alikuja kutupa pole, naye alikuwa akitafuta gari la kupelekea mazao yake. Zuhura alimwambia, "Nenda Zinga kwa Mwalimu Tatu. Bado analo. Usiangalie namba. Chukua ndoo ya maji, uliendeshe nayo, halafu uamue." Mzee Kondo akaenda na ndoo.

Na Zuhura akakaa chumba cha uani mpaka alipotolewa juzi akiwa amefunikwa. Alipika shughuli zote za nyumba ile na za mtaa ule. Gari hakushika tena. Mara moja moja nilipomtembelea aliniuliza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya pazia, kama nimeliona lile la kijani barabarani. Nikimwambia nimeliona limejaa mihogo, alikuwa akishangilia kwa kupiga kofi moja kwenye paja.

Sasa nirudi msibani, kwenye ungo na mikono yangu iliyosimama. Kabla sijajua nitasema nini, nje likasikika gari linafika, na barazani pakawa na kuamkiana. Nikachungulia. Mzee Kondo alikuwa anashuka taratibu, mvi tupu, na nyuma ya gari kulikuwa na mananasi na mihogo ya kulisha matanga. Rangi ya kijani ilikuwa imebaki kwenye maungio tu. Kibao kilikuwa kimekunjika pembeni, lakini A yake ilisomeka. Bakari alisimama kumpokea, akampa mkono, akapokea pole, kisha akaweka kiganja juu ya boneti.

"Mzee Kondo, hili bado linadunda? Namba A! Ndiyo magari haya, siku hizi huyapati. Nani alikuchagulia?"

"Marehemu," Mzee Kondo akasema.

"Marehemu nani?"

"Si huyu tuliyemzika? Alinituma niende na ndoo ya maji."

Bakari akamtazama mzee, akalitazama gari, na uso wake ulikuwa wa mshangao mtupu, sikuuona uongo ndani yake. "Zuhura alikuwa anajua magari?" akasema. "Mbona mimi hakuniambia?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, ungo mkononi, mahali ambapo mwanamke hasimami siku ya msiba wanaume wakiwa wamekaa. "Bakari," nikasema. Maisha yangu yote sikuwahi kumwita bila Kaka. "Alikwambia. Ukamwambia gari si pipa, ukanituma mimi nikaangalie wali mliokuwa mnaula. Gari hili ndilo ulilolikataa. Na kama ulisahau, ungemuuliza. Alikuwa chumba cha uani miaka yote hii."

Mzee Kondo alishika mananasi mawili akanikabidhi, kwa kuwa ndiye pekee aliyejua la kufanya na mikono yake, nami nikayapokea na kuyapeleka uani. Kwenda jikoni ni lazima upite mbele ya chumba kile. Pazia lilikuwa limeondolewa kwenda kufuliwa. Ndani, juu ya kitanda chake, mtu alikuwa ameshapanga magunia ya mkaa. Nikayaweka mananasi chini, nikajifunga kanga kiunoni, nikaanza kuyatoa yale magunia.